Chupa Iliyobaki Jikoni

Nélida alicheka peke yake alipojisoma kwenye simu. Wapelelezi wa mtandaoni walikuwa wameshamzika.

"Mtu gani wa Uruguay anahama bila chupa yake ya chai ya yerba, ile ya moto wanayobana kwapani kutwa? Imebaki jikoni! Bi mkubwa kauawa," aliandika mmoja.

"Acha uchuro, wewe!" mwingine akamjibu.

Chini kabisa alikuwa dada yake: "Mdogo wangu, kama u hai, niambie tu. Sitakufuata."

Kicheko kikamkauka. Alikuwa ameondoka kimyakimya ili apumue, si ili mtu alie.

Aliibana vizuri kwapani chupa yake mpya, ikampasha ubavu joto bila kudondosha hata tone. Kisha akaandika, akatuma kabla hajaghairi:

"Dada, ile ilikuwa inavuja. Iliniunguza kwapa miaka yote."