Imebaki Rangi Tu

Mbweha, bingwa wa maneno matamu, alimuuzia Nungunungu fleti ya ghorofa ya pili. Msiniulize ya kwanza ilikuwa wapi; haikuwapo. Nungunungu, mama wa watoto saba, alilipa yote, na kila alipokwenda kuulizia alikuta shimo, bango lenye picha ya nyumba, na Mbweha akitabasamu.

"Karibu tunamaliza, Bi Nungu! Imebaki rangi tu."

Ilipopita masika ya pili, Nungunungu akamshtaki kwa Korongo, hakimu aliyepima kila neno.

"Sikumdanganya, Mheshimiwa," Mbweha akajitetea. "Nilisema karibu. Karibu haina tarehe."

Korongo akafikiri, akaona ni kweli, akaifuta kesi.

Kesho yake Mbweha alikuwa anakula chakula cha mchana aliposikia mlangoni, "Hodi!"

"Karibu!" akaitikia kwa mazoea, mdomo umejaa.

Nungunungu akaingia na watoto wote saba, magodoro na masufuria. Mbweha akajaribu kuwasukuma nje, akaambulia miiba puani. Mbio hadi kwa Korongo.

"Ulipopigiwa hodi ulijibuje?" hakimu akauliza.

"Nilisema karibu," Mbweha akanong'ona.

"Na karibu, ulinifundisha mwenyewe, haina tarehe."

Siku hizi Mbweha analala uani. Kila asubuhi hugonga dirisha lake mwenyewe na kuuliza watahama lini. Nungunungu huchungulia, brashi mkononi.

"Karibu tunahama, Bwana Mbweha. Imebaki rangi tu."