Hodi ya Bi Nunu

Mwenye mtoto fundi wa kuchekesha watu na asikie haya.

Sudi alikuwa na hakika kwamba mama yake atacheka. Kila Ijumaa watu walimsoma gazetini wakishika mbavu, na sasa kichekesho chake kimetiwa kwenye sinema, ile ya kimya yenye maandishi katikati ya picha. Alimketisha mama yake, Bi Nunu, mstari wa mbele.

Kwenye pazia akatokea bibi kizee na kikapu chake, anapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe isiyo na mtu. Akangoja, akapiga tena. Maandishi yakaja: "Labda panya watanikaribisha." Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Huyo si mama yako?" jirani akauliza, akijifuta machozi.

"Ndiye hasa. Bila yeye ningeandika nini?"

 Tangu azikwe mumewe, miaka tisa sasa, Bi Nunu hakuwahi kuingia nyumbani kwake bila kumpigia hodi marehemu.

Waliporudi, mtaa ulikwishapata habari.

"Bi Nunu, panya hawajambo?" akauliza mmoja barazani.

Bi Nunu akafika mlangoni, akashika komeo, asipige hodi.

"Piga hodi basi, mama," Sudi akasema, bado anatabasamu.

"Piga wewe, mwanangu. Ni baba yako pia."

Sudi akafungua kinywa. Nyuma yake baraza nzima ilikuwa imetulia, ikingoja kucheka.