Vidole vya Ning

"Vaa glavu," Piak alimwambia kwa mara ya tatu mwanamke aliyechuchumaa mbele ya ndege yake ya mfano.

Wanaume waliokuwa chini ya turubai wakila kuku wa kuchoma na wali wa kunata waliangua kicheko. Huyu ndiye Piak wa kuwasha injini ya petroli kwa mkono mtupu, sigara ameipachika sikioni. Ndiye aliyewahi kuachia pangaboi la ndege ncha ya kidole chake cha shahada, na wiki iliyofuata akarudi uwanjani na bendeji yake, anachekelea. Leo anatetemeka kwa ajili ya injini ya mtu mwingine.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," alisema Uan, bonge la mtu, aliyekuwa amepiga magoti nyuma ameushika mkia wa ile ndege ya mfano isije ikachomoka.

"Nyoka gani? Kaka yetu kapenda huyo!" mwingine akadakia.

Piak alizidi kumsogezea mwanamke glavu. Asubuhi hiyo, kabla injini haijaguswa, aliweka sadaka ya soda nyekundu kwenye kijumba cha mizimu pembeni mwa uwanja, akapiga magoti pale hadi wakamuuliza kama anaomba namba za bahati nasibu. Aliomba kitu kimoja tu: vidole vya mwanamke huyu virudi nyumbani vikiwa kumi.

Ning alikuwa mgeni klabuni. Hakuna aliyejua zaidi ya jina hilo, maana pale watu huitana majina ya nyumbani, na kazi ya mtu huachwa getini. Lakini asubuhi ile, alipovua kofia kujifuta jasho, Piak alimtambua. Ning hakumtambua yeye, maana Piak alikuwa amemwona mara moja tu, kwa mbali. Piak akajitenga nyuma ya magari akampigia simu mkewe, aliyekuwa Bangkok na binti yao tangu Alhamisi. Binti ndiye aliyepokea. Aliuliza ndege ngapi zimeruka, akapumzika katikati ya swali, ndipo akalimalizia. Kisha mama yake akachukua simu, akaambiwa ni nani yuko uwanjani.

"Usimwambie kitu," alisema. "Wewe mwangalie tu. Usimwondolee macho."

Basi akawa anamwangalia. Sheria ya klabu haina huruma: mgeni harushi ndege mpaka awashe injini yake mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya wenzake.

"Dada, niiwashe mimi. Wewe utarusha tu. Hawa nitapambana nao mwenyewe."

"Mimi si yai, kaka Piak." Ning alitabasamu. "Nimekuja kutuliza kichwa. Kesho asubuhi nina kazi nzito."

Piak aliinama mbele ya ndege. Akakagua pangaboi asione ufa, akakaza nati kwa mara nyingine, akamwambia Ning aufunge kichwani mtandio wake wa shingoni usining'inie. Akawafukuza wote waliosimama ubavuni, maana kipande cha pangaboi kikivunjika hukimbilia huko.

"Swichi?"

"Imezimwa."

"Choki?"

"Imefungwa."

"Zungusha kwa fimbo. Taratibu."

Ning akazungusha pangaboi kwa fimbo fupi iliyovikwa mpira, petroli ikapanda kwenye bomba lake jembamba.

"Sasa washa swichi. Ukipiga tu, ondoa mkono. Usisubiri uone."

Akapiga. Injini ikakohoa, ikatema moshi, ikanyamaza. Akapiga tena na tena, kimya.

"Imelewa petroli hiyo," Uan alisema. "Zima swichi, fungua choki, uizungushe polepole itapike."

Ning akapeleka mkono chini ya pua ya ndege, mahali ambapo choki, kile kizibo cha hewa, na swichi ya cheche hukaa bega kwa bega. Kitu kikalia tik. Kisha akaweka fimbo chini, akavua na glavu.

"Inateleza hii. Nataka niisikie kwa vidole inavyokaza."

Vilikuwa vidole vyembamba, kucha zimekatwa hadi nyamani, hakuna pete wala rangi. Piak akavitazama vikilielekea pangaboi, kisha macho yakamshuka kwenye kitaa kidogo cha swichi ubavuni mwa ndege. Katika jua lile kilionekana kwa shida, lakini kilikuwa chekundu. Ning alikuwa amefungua choki, swichi akaisahau; pangaboi likisukumwa kidogo tu, injini ingewaka.

Piak alipiga ukelele. Ndege ya mtu mwingine ilikuwa inapita juu yao, ikaumeza kwa mngurumo wake. Vidole vilikwisha kulishika pangaboi, vinalivuta.

Akajirusha. Akaupiga kumbo mkono wa Ning ukatoka, wake ukabaki. Injini ikanguruma.

Uan aling'ang'ania mkia. Ning akaifikia swichi, akaizima. Damu ilikuwa imetapakaa kwenye mabua ya mpunga uliokwisha kuvunwa uwanjani pale, na vidole viwili vya Piak vilikuwa vinaning'inia.

Wanaume wazima waligeuza nyuso. Ning hakugeuka. Aliunyanyua mkono ule juu ya kichwa cha Piak, akaubana, akavua mtandio wake na kuufunga kwa fundo ambalo hakuna aliyeona lilivyofungwa, akaagiza barafu na mfuko safi, gari liwashwe. Piak alivitazama vidole vya Ning vikifanya kazi. Akavihesabu. Vilikuwa kumi, na havikutetemeka hata kimoja. Hofu yote ikamtoka, akaanza kucheka huku machozi yakimtiririka.

"Una wazimu wewe?" Ning alimfokea, na sasa sauti yake ndiyo iliyotetemeka. "Injini yangu, kosa langu! Kwa nini uingize mkono wako?"

"Vyangu ni vya kuwashia injini tu," Piak alisema. "Vyako, daktari, kesho asubuhi vinakwenda kuushona moyo wa binti yangu."