Mbuzi Atoke

"Mbuzi atoke! Mama hawezi kwenda kaburini na mbuzi."

"Ukimtoa mbuzi, kaka, mama anacheka nini?"

Fundi wa studio alimwangalia Elinami, akamwangalia na mdogo wake Ndeshi, akashika mausi ya kompyuta. Mama yao anazikwa kesho, na picha ya kutangulia mbele ya jeneza ni hii tu iliyo kwenye skrini. Kamera nyingine zote alizikunjia sura.

"Kata," Elinami akasema. "Mchungaji atatuonaje?"

Fundi akamzungushia mbuzi mstari taratibu, pembe, masikio, mpaka ule mdomo uliong'ang'ania kona ya kitenge cha mama. Akabonyeza. Mbuzi akapotea.

Mama alibaki anacheka na ukuta, amekishika kitenge kwa mikono miwili, anagombania nguo na hewa. Ungesema amerukwa na akili.

"Huyu siyo yeye," Elinami akasema. "Mrudishe."

"Nani, kaka?" Ndeshi akauliza.

"Mbuzi, bwana! Usinichekeshe hapa."

Lakini alishacheka. Ndeshi naye akacheka mpaka akashika meza, machozi yanamtoka.

Picha ilitoka kwenye printa bado ina joto. Elinami akaipokea kwa mikono miwili, akaiinua kifuani kama atakavyoibeba kesho, mama na mbuzi wake wakitazama mbele. Akageuka, akatoka nayo barabarani bila kuifunika.