Simu ya Kumi

Mjane aliiweka simu ya setilaiti juu ya kaunta, ikiwa imefungwa katika kitambaa cha marehemu mumewe. Tausi, muuzaji, aliijua kabla haijafunuliwa. Ndiyo ya kumi, iliyompatia friji ile pale pembeni, zawadi ya kampuni kwa atakayeuza kumi za aina hiyo.

"Alipiga mara kumi na nne akiwa amebanwa na jiwe," mjane alisema. "Zimo humu zote, hakuna iliyotoka. Mume wangu alikuwa mzito kwa mambo ya mitambo, dada. Nionyeshe alikosea wapi, nami nipate usingizi."

Siku ya kununua, mumewe, mchimba vito, alikuwa amesema waziwazi kwamba kazi yake iko chini korongoni. Simu hii hutaka uwanda wenye anga wazi, korongoni haishiki mtandao. Simu nyingine iliyokaa kando yake dukani, ya nusu bei, ingeshika, ila haikuwa na zawadi. Tausi akamwambia, "Chukua hii, kaka, ndiyo yenyewe."

Sasa alimtolea mjane chupa ya maji kwenye friji, wakatoka barazani. Akaielekeza antena juu. Ikashika mtandao papo hapo.

"Kumbe nzima," mjane alisema taratibu. "Basi kosa ni lake."

Tausi alifungua mdomo. Mjane alikuwa amekwisha kuinua chupa, akanywa yote bila kupumua, akajifuta kwa kile kitambaa.

"Ahsante, dada. Maji yako baridi hasa."

Simu ilikuwa bado juu mkononi mwa Tausi, imeshika vizuri, inangoja namba.