Kiti cha Kombo

Sheria ilitaka kila gari jipya la mashindano liendeshwe kwanza na mume au mke wa aliyelibuni, na Kombo alikuwa amechoka. Kila alipojibana kwenye kile kiti kimoja, mkewe Salhina alimtoa tena: mara arekebishe bawa la mbele la gari, mara breki. Jana jioni uzalendo ulimshinda.

"Unanichosha, mama Nasra. Wenzako wameshamaliza."

Leo asubuhi Salhina alimfunga mkanda bila kumtazama.

"Liko tayari," alisema.

"Breki umezikagua?"

"Si nakuchosha?"

Akaenda kusimama na mafundi nyuma ya ukuta mfupi wa zege. Kombo aliwasha injini, akamtazama kwenye kioo, akingoja anyanyue mkono kumsimamisha. Salhina alikuwa anaziba masikio.