Sindano ya Fundi Mshangama

Kwa mara ya nne sindano ilimponyoka fundi Mshangama, naye akaitupa kanzu sakafuni kwa hasira. Mkono uliopigwa na kiharusi haukumtii.

“Daktari anasema seli za ubongo zilizokufa kwa kukosa hewa ni zile zinazotoa amri,” alifoka. “Zile za kuzilisha na kuzitunza zimestahimili, zi hai. Watumishi wazima, bwana kafa! Zinanifaa nini?”

Mkewe Mwatime, aliyemtungia uzi kwenye sindano miaka thelathini, aliinua macho.

“Unaniuliza mimi?”

Mwatime akaokota kanzu na sindano, akatunga uzi, akaichomeka katikati ya vidole vya mumewe vilivyolegea. Kisha akalitandaza pindo la kanzu mbele yake, akalishika kwa mikono miwili, akangoja.